Macho ya Nahodha

Nyumba za Wafanyakazi,
Kisiwani.

Kwako kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, nikitumaini zitakukuta mzima wewe, wifi yangu na watoto. Ukiuliza hali zetu, baba mwili hajambo. Anakula, analala, anagombana na redio kama kawaida yake. Mimi nipo, ila nikisema sijambo nitakuwa nimekudanganya, na barua hii naiandika ili niache kudanganya watu.

Kwanza niwie radhi kwa mwandiko. Najua utacheka ukiona herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, na mistari inayopanda mlima. Naandika mchana kweupe, meza nimeisogeza mpaka dirishani, na bado ndiyo hivyo. Utanielewa ukifika mwisho.

Barua yako niliipata, nikamsomea baba. Pale ulipoeleza jinsi ulivyokwaruza tena ubavu wa basi kwenye geti la gereji, ukamwapia fundi wako kwamba geti limesogea, tulicheka sana. Baba alisema wewe tangu utoto hukosi wa kumsingizia, kwamba hata ulipovunja mtungi wa mama ulisema mtungi ndio uliokufuata. Alicheka mpaka akakohoa. Tangu siku ile hatujacheka tena humu ndani, kwa hiyo nakushukuru.

Kaka, baba haoni. Nimeliandika haraka kabla sijaogopa. Sisemi haoni vizuri, nasema haoni. Anaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu akimsimamia mbele, basi. Boti wamemnyang'anya, na hii nyumba ninayokuandikia tutaendelea kuwa nayo kama nitafanya jambo fulani Jumatatu. Jambo lenyewe siliwezi. Maji yamezidi unga, kaka, na hapa kisiwani sina mtu wa kumwambia.

Nianzie mbali kidogo. Ulipokuja mara ya mwisho, kisiwa kilikuwa bado kina likizo yake. Wageni walikuja wakati wa joto, baridi ikianza tunafunga mahema, boti zinapandishwa ufukweni, na baba anashinda juani akizipaka rangi na kusimulia uongo wake wa samaki. Kisha akaja meneja huyu mpya, akabandika bango kubwa gatini: KISIWA HAKILALI. Sasa ni kiguu na njia mwaka mzima. Wakati wa joto ni kuogelea, mitumbwi ya plastiki, na jumba la mpira linaloelea ambalo watoto hulitelezea wakaangukia majini. Mvua zikianza, watu wanavaa mabuti na kupanda kilima kutazama ndege wahamao. Ukija upepo, ni matanga na vishada. Baridi nayo ina baiskeli za kuzunguka kisiwa, mbio za kilimani, mioto ya kambi, na kuvua kwa ndoano ndani ya ukungu. Watu wanalipia baridi ambayo sisi tunaipata bure. Nisiseme vibaya, maana wanafurahi kweli, na mimi napenda kuwaona wakifurahi.

Lakini kwa baba ilikuwa balaa. Ziwa alilolijua kwa moyo lilianza kupangwa upya kila msimu, kama sebule ya mtu asiyetulia. Leo maboya ya waogeleaji yako huku, mwezi ujao yako kule. Jumba la mpira linahamishwa. Kamba za mashindano zinavutwa. Akaanza kukosa gati, anapita pembeni na kurudi nyuma, akisingizia mkondo. Siku moja alinikalisha jikoni akafunga mlango. Akaniambia kwamba kwa muda mrefu anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, kulia giza na kushoto giza, na tundu lenyewe linazidi kuwa dogo.

Nilimwambia aache kazi siku hiyo hiyo. Akaniuliza akiacha tutalala wapi, maana nyumba inakwenda na usukani. Nikamwambia basi twende kwa daktari. Akasema ni macho ya uzee tu, kwamba bibi naye aliishia kupapasa kuta na hakuna aliyemfukuza kwake. Nilikasirika, nikalia, nikaosha vyombo kwa kelele. Asubuhi yake nikapanda naye botini na kuwa macho yake.

Utauliza tuliwezaje. Unakumbuka ulivyonipa jina la Chiriku kwa sababu sinyamazi? Hayo maneno yangu ndiyo yaliyokuwa usukani. Mimi si ndiye mwongoza wageni? Basi nilikuwa nakaa kwenye kigoda kirefu kando ya baba, nimekabili mbele, kipaza sauti mkononi, wageni nyuma yetu. Nikisema, wageni wangu, kushoto kwenu kuna jiwe ambalo wavuvi wanaliita Mkwe kwa kuwa halipitiwi bila heshima, baba anajua Mkwe yuko kushoto na anavuta kulia. Nikisifia sana upepo, ana nafasi, aongeze mwendo. Nikiwaomba wampigie makofi nahodha wetu shujaa, anapunguza injini, kwa sababu gati limekaribia. Walikuwa wanapiga makofi kwa moyo wote, maskini, na yeye anainua kofia. Kamba za gatini alizifunga kwa mikono, na mikono yake haijawahi kumdanganya. Miwani nyeusi aliivaa asubuhi mpaka jioni, meneja akadhani ni madoido ya mzee.

Najua unavyonisikiliza sasa hivi. Unasema Chiriku ana wazimu, amechezea roho za watu. Ni kweli, sikatai. Lakini ukifanya kitu kibaya kila siku na kila siku kikatoka salama, kinaanza kufanana na kazi. Ilifika mahali tukawa tunajivunia. Jioni tulikuwa tunachekeana kama wezi, baba akinisifu kwa jinsi nilivyompitisha katikati ya matanga bila kugusa hata moja.

Halafu ikaja ile siku. Ulikuwa msimu wa baridi, asubuhi, na ukungu ulikuwa umeshainuka majini. Tulikuwa tunawapeleka wageni upande wa pili, mahali baiskeli zinapoanzia. Mimi naongea, baba anaendesha, wageni wanacheka. Mara nikasikia kishindo upande wa kushoto, na sauti ya mwanamke. Tulikuwa tumegonga mtumbwi wa plastiki. Ndani yake alikuwamo mwalimu mmoja mstaafu aliyekuja kujifunza kupiga kasia uzeeni, na alikuwa amelisubiri jambo hilo tangu aache kufundisha. Mtumbwi ulipinduka ukaenda chini ya ubavu wa boti.

Baba alizima injini, akavua miwani, akaruka. Kaka, yule mzee haoni hata kiganja chake, na aliruka kwenye maji ya baridi akifuata sauti tu. Mama yule alipoacha kupiga kelele, baba naye alisimama majini, akatega sikio, kisha akazama. Alimtoa. Nilipowavutia juu, baba alikuwa amemkumbatia kwa nguvu mpaka tukambandua vidole. Mwalimu alivunjika mfupa wa bega, akameza maji mengi, lakini yu hai. Namshukuru Mungu kila nikiamka kwamba yu hai.

Mchana ule tuliitwa ofisini, sisi wote tuliokuwa gatini, mpaka mpishi na fundi wa baiskeli. Meneja alikuwa amekaa na uso wa kuogopa zaidi ya hasira. Akauliza ilikuwaje, mbona hapakuwa na ukungu. Mimi nilifungua mdomo nianze kueleza. Baba ndiye aliyesimama. Akasema msimtafute mchawi, ni mimi, mimi sioni. Akasema amekuwa akiendesha gizani kwa muda mrefu na binti yake hakuwa na habari. Alisema hivyo mbele ya watu wote, kwa sauti ile ile anayosalimia wageni. Meneja hakuamini, akanyoosha kalamu mbele yake amwambie ni nini. Baba akasema kwa jinsi unavyohema, labda ni sigara. Mpishi alijifunika uso kwa aproni.

Nikasema hapana, nilijua, mimi ndiye niliyekuwa namwelekeza. Baba akanikatiza kwa ukali ambao sijausikia tangu nikiwa msichana. Lakini meneja alikuwa ameshasikia. Akatutoa nje. Tulikaa kwenye benchi la kungojea boti, baba amelowa bado, na tulikuwa tumeshaanza kupanga ni vitu gani tutavibeba na vipi tutavigawa.

Aliponiita tena, nilikwenda nikijua nafukuzwa. Kumbe alikuwa amefikiri vingine. Akasema mtu aliyeweza kumpitisha kipofu kati ya maboya na matanga mwaka mzima, basi ziwa hili analijua kuliko yeyote. Cheti cha uendeshaji ninacho tangu zamani, baba alinisukuma nikipate. Akasema amenikaripia kwa niliyoficha na hatarudia, lakini hana nahodha mwingine, na kisiwa hakilali. Akanipa ufunguo wa boti. Nyumba ya nahodha ni ya nahodha, akasema, mkae. Jumatatu wanakuja watoto wa shule ya msingi kwa mapumziko yao, nami nitawavusha peke yangu.

Ungemwona baba nilipomwambia! Alianza kutabasamu, na tabasamu likakataa kuondoka. Amenifulia kofia yake mwenyewe, ameipiga pasi kwa kupapasa mpaka akajiunguza kidole. Kila apitaye barazani anaambiwa binti yangu ndiye nahodha sasa. Anasema jina lake limezama lakini halikuzama bure. Jioni ananiuliza habari za ziwa kama mwalimu wa mtihani, na mimi namjibu, na kofia iko pale juu ya msumari inaningoja.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Baada ya hayo yote nilimpeleka baba kwa daktari wa macho, ng'ambo, maana hapakuwa tena na cha kuficha. Daktari ni mwanamke mpole, anaongea taratibu. Akasema ugonjwa huu ni presha ya macho. Hauumi wala hauwashi, unaanza kula pembeni na mtu hajui, kwa sababu jicho linajiziba viraka lenyewe. Aliposema hivyo aliniuliza kama kuna mwingine katika ukoo. Nikamtaja bibi. Akaniangalia, akaniambia na mimi nikae kwenye kiti.

Wanakuwekea kidevu kwenye kibao, unatazama ndani ya bakuli jeupe, na unapewa kitufe. Ukiona nukta ya mwanga popote unabonyeza. Nilibonyeza mara chache kwa nukta za katikati, kisha mwanga ukakoma. Nikakaa nikingoja. Nikafikiri umeme umekatika, nikamwambia daktari mashine yako imezimika. Akaniambia kwa upole kwamba mashine imeshamaliza. Nukta zilikuwa zinawaka pande zote muda wote ule, na nyingi zaidi upande wa kushoto.

Kaka, ule mtumbwi haukutokea popote. Ulikuwa pale pale kushoto, tangu mbali, chini ya jua. Wageni waliuona. Mtoto mmoja alikuwa anaupungia mkono, na mimi nilidhani anawapungia ndege. Mwalimu yule alinyanyua kasia lake juu tusimamishe. Mimi ndiye niliyekuwa macho ya boti, na sikuuona.

Baba aliniuliza mara moja tu, usiku ule ule, kwa nini sikumwambia kushoto kuna mtu. Nikamjibu nilikuwa nimegeuka kumjibu mgeni swali. Akanipapasa kichwa, akasema maneno mengi ndiyo maradhi yako, Chiriku, lakini nimekusamehe. Amebeba lawama kwa macho yake ili mimi nipate usukani, na hajui kwamba usukani kautoa kwa kipofu akampa kipofu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii karibu kimuumbue mtu ambaye hata maradhi yenyewe si yake.

Nimejaribu kujidanganya. Nimejiambia naona mbele vizuri, nitageuza shingo, nitakwenda polepole. Nimekwenda gatini nikasimama kwenye usukani, nikatazama mbele, kisha nikageuza shingo kushoto, na pale ambapo nilikuwa naona maji matupu palikuwa na jumba zima la mpira. Lile jumba lina rangi nyekundu na njano, kaka. Nilikaa chini kwenye mbao. Nikawaza watoto wa Jumatatu, kila mmoja na jaketi lake la kuelea, wakinipigia makofi.

Kesho asubuhi nitampelekea meneja ufunguo wake, na nitamwambia kwamba siku ile tulikuwa vipofu wawili. Najua atatutoa, na hata mimi ningekuwa yeye ningetutoa. Leo jioni lazima kwanza nimwambie baba, na hilo ndilo linalonikosesha pumzi. Upofu wake ameuvumilia. Sijui kama hili atalivumilia, kwamba kofia aliyoninunulia kwa aibu yake nairudisha dukani kabla haijavaliwa hata siku moja.

Ninakuomba umpokee baba. Mimi nitalala popote, hata jikoni kwa wifi, nikimenya vitu kwa kupapasa, si bado nina mdomo wa kuwachekesha watoto? Daktari amenipa dawa ya matone ya kila siku. Anasema kilichokwenda kimekwenda, hakirudi, lakini kilichobaki kinaweza kuzuiwa kisiondoke, mradi mtu ajue mapema. Baba alichelewa. Mimi nimechelewa nusu. Ndiyo maana barua hii nampa mpishi aivushe leo leo kwa mtumbwi, isingoje hata kesho.

Kwa sababu wewe ni mtoto wa baba yule yule, mjukuu wa bibi yule yule, na asubuhi unapakia abiria. Nakupigia magoti hapa hapa kwenye sakafu ya saruji: usishike usukani tena kabla hujakaa kwenye kile kiti. Najua hiyo ndiyo riziki yenu. Najua utasema unaona vizuri kabisa. Na mimi nilikuwa naona vizuri kabisa. Wapeleke na watoto wakapimwe, na ukiona mwanga umekoma kwenye lile bakuli, usiilaumu mashine.

Nisalimie sana wifi, mwambie asinikasirikie kwa habari hizi. Wabusu watoto, waambie shangazi anakuja na hadithi za ndege. Baba angekusalimu, ila yuko barazani anang'arisha nembo ya kofia kwa kitambaa, nami sijathubutu kumwambia nakuandikia. Na fundi wako mwambie asijisumbue kulipima lile geti.

Halikusogea, kaka.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku